Ncha za misumari ndani ya gereji mpya ya mabati: ukate, ukunje au ufunike?

Gereji ya shemeji yangu kule Mutomo ilikamilika siku ya Jumamosi. Jumanne yake, mwanawe wa miaka tisa alishonwa nyuzi tano begani. Mpira ulibingirika nyuma ya gari, mtoto akapenya kati ya gari na ukuta kuufuata, na alipoinuka ncha ya msumari ikamchana. Kwa nje gereji ile inapendeza: mabati yanang'aa, mistari imenyooka. Kwa ndani kila ubao wa ukutani una safu ya ncha zilizotokeza, na tulipozihesabu jioni ile zilipita mia mbili.

Nilikuwa nimewapeleka watoto kwa wajomba zao, nikabaki siku mbili zaidi kumsaidia shemeji kuziondoa. Ninaandika haya kwa sababu jambo hili si la Ukambani peke yake. Ukitoka Mombasa ukafika Kibwezi, ukakunja kulia kwa barabara ya lami ya Kitui, ukavuka mto Athi na kupita Ikutha hadi Mutomo, utaona mabanda ya mabati pande zote mbili. Ukirudi nyumbani utayaona Mariakani, Mtwapa, Likoni na Kilifi: gereji, maduka, mabanda ya kuku, madarasa ya chekechea. Mengi yamepigiliwa vivyo hivyo, na ni wachache wanaopitisha mkono upande wa ndani kabla ya kumlipa fundi.

Kwa nini ncha hutokeza

Wengi husema fundi ni mzembe. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi kosa ni la hesabu. Misumari ya bati inayouzwa kwa kilo katika hadwea nyingi ni ya inchi mbili na nusu au inchi tatu. Imetengenezwa kwa ajili ya paa. Juu ya paa msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, ili maji yanayoteremka bondeni yasikute tundu. Mgongo wa bati la mawimbi una kimo cha karibu milimita 18. Msumari wa inchi mbili na nusu ni milimita 63. Ukitoa 18 zinabaki 45, na ubao wa inchi mbili una milimita 50. Ncha inalala ndani ya ubao na hakuna anayeiona.

Ukutani mambo hugeuka. Hapo fundi hupiga msumari bondeni, mahali ambapo bati limegusa ubao, kwa kuwa maji hayasimami ukutani na bati hushikwa imara zaidi. Msumari uleule wa milimita 63 sasa unaingia wote kwenye ubao wa milimita 50, na ncha ya milimita 13 inatoka upande wa pili. Ukitumia wa inchi tatu, inatoka inchi nzima.

Halafu kuna ubao wenyewe. Mbao zinazoitwa mbili kwa mbili mara nyingi hazifiki inchi mbili kamili zikitoka kwenye msumeno. Ubao ukiwa na milimita 45, ncha inaongezeka milimita tano. Na mbao mbichi ya saiprasi au mkaratusi, ikipelekwa mahali pakavu kama Mutomo, hukauka na kusinyaa. Msumari hausinyai. Ncha ambayo siku ya kwanza ilikuwa imegusa tu uso wa ubao huenda ikatokeza baada ya kiangazi kimoja. Ndiyo maana ukaguzi wa siku ya kukabidhiwa pekee hautoshi. Rudia baada ya miezi michache.

Kagua kwanza, ndipo ushike nyundo

Tulianza na chaki. Shemeji alizunguka ukuta akitia alama za aina tatu, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu dawa si moja kwa zote.

Kundi la kwanza ni ncha zilizo chini ya kimo cha mtu, yaani kuanzia sakafuni hadi kiasi cha futi sita na nusu. Hizi ndizo zinazojeruhi bega, kichwa, mkono na jicho la mtoto. Shughulikia hizi kwanza, na ndani ya kundi hili anza na zile zilizo karibu na mlango wa gari unapofunguka.

Kundi la pili ni misumari iliyokosa ubao. Utaiona imetoka kando ya ubao, mwili wote hewani. Hii haishiki kitu. Ni tundu ndani ya bati lenye msumari wa kupamba.

Kundi la tatu ni zile za paa, juu ya vichwa. Tutazifikia mwishoni.

Kama siku ya kazi iko mbali na watoto wako karibu, kuna kinga ya muda. Chukua ndara zilizochakaa, zikate vipande vya ukubwa wa kiberiti, na ukichomeke kipande kimoja kwenye kila ncha. Siku ile ya kwanza tulitumia ndara nne na tairi ya ndani ya baiskeli. Si tiba, lakini usiku ule hakuna aliyeumia.

Kisha tazama nyaya za umeme. Kama fundi wa umeme ameshapitisha waya juu ya mbao hizo, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote.

Njia ya kwanza: kukata

Kwa ncha nyingi hii ndiyo njia bora. Sehemu iliyotokeza nje ya ubao haishiki kitu. Kinachoshika ni kile kilicho ndani ya mbao, kwa hiyo kukata ncha hakupunguzi nguvu ya ukuta.

Chombo chepesi ni koleo la kukatia lenye mdomo bapa, au mkasi mdogo wa kukatia nondo. Sukuma mdomo wake hadi uguse ubao, ubane, ncha idondoke. Zingatia mambo mawili. Kwanza, ncha haidondoki kwa adabu: huruka. Vaa miwani ya kinga, na funika kwa kitambaa au kiganja chenye glavu wakati wa kubana. Pili, kisiki cha milimita moja au mbili kitabaki, nacho kina makali. Kipitishe tupa mara tatu nne mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Mafundi wengi watakuambia utumie grinda, kwa kuwa inamaliza ukuta mzima kwa muda mfupi. Ni kweli, ila grinda ina masharti. Cheche zake huruka mbali, na gereji ni nyumba ya petroli, oili na matambara. Toa nje gari, pikipiki, madebe ya mafuta na maranda ya mbao, weka karibu ndoo ya mchanga na ya maji, na ukimaliza kaa hapo kama nusu saa ukichungulia pembeni na chini ya mbao. Cheche zinazodondokea bati jipya hunata, na baada ya mvua moja kila moja huwa doa la kutu. Tundika gunia lililoloweshwa kati ya cheche na bati. Na usikae na diski juu ya msumari mmoja muda mrefu, kwa sababu joto husafiri hadi kichwani na kuharibu raba inayozuia maji. Gusa, achia, nenda wa pili.

Mahali pasipo na umeme, msumeno wa chuma unafanya kazi hiyohiyo, ila subira iwe nyingi.

Mwisho wa kukata ni rangi. Msumari wa bati umefunikwa kwa zinki, na ulipoukata umeacha chuma kitupu. Mutomo, hewa ikiwa kavu, kutu itachelewa. Pwani, chumvi ya bahari haitasubiri. Paka kila kisiki tone la rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Njia ya pili: kukunja

Kukunja ncha na kuilaza ndani ya ubao ni njia ya zamani, na ina faida moja ambayo kukata hakuna: msumari uliokunjwa hushika zaidi, kwa sababu hauwezi tena kurudi nyuma. Kwa banda lililo wazi kwenye upepo, hilo si jambo dogo.

Lakini wengi huharibu ukuta wao hapa. Ukigonga ncha kutoka ndani bila mtu nje, unausukuma msumari urudi ulikotoka. Kichwa kinainuka, raba inaachia, na mvua ya kwanza ya Novemba inakuonyesha kila kosa. Kukunja ni kazi ya watu wawili: mmoja nje amekandamiza nyundo nzito juu ya kichwa cha msumari, mwingine ndani anagonga ncha kwa ubavu, polepole, hadi izame chini ya uso wa ubao. Ilaze kukatiza nyuzi za mbao kama unataka ishike zaidi.

Ncha fupi kuliko sentimita moja na nusu hivi haikunjiki vizuri. Unaishia kuwa na ndoano, na ndoano inachana vibaya kuliko ncha. Hizo zikate. Pia kama bati ni jembamba, la geji 32, mwenzako wa nje awe mwangalifu, maana nyundo yake itaacha mabonde. Kumbuka kwamba namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32.

Njia ya tatu: kufunika

Kama unataka kutundika vifaa ukutani, usikate wala usikunje. Chukua ubao wa unene wa inchi moja, uuweke juu ya safu ya ncha, ugonge taratibu hadi ncha ziingie ndani yake, kisha uukaze kwa skrubu kwenye ubao wa ukuta. Ncha ya milimita 13 inazikwa ndani ya milimita 25 na huisikii tena. Tumia skrubu ya inchi mbili: inchi moja inapita ubao wa juu, inchi moja inashika ubao wa nyuma, na bati haliguswi. Usitumie misumari mirefu kuukaza, usije ukatatua tatizo la ndani kwa kuzaa la nje.

Ncha zikiwa za inchi nzima, zikate kwanza zibaki fupi, ndipo ufunike.

Mwenye uwezo anaweza kufunika ukuta wote kwa plaiwudi. Inapendeza na hupunguza joto, ambalo ndani ya mabati ya Mutomo saa nane mchana si la mchezo. Lakini usiibandike moja kwa moja juu ya ncha zilizotokeza, kwa sababu zitaitoboa siku mtu atakapoegemea. Weka fito za kuinua plaiwudi, au kata ncha kwanza. Na acha uwazi kidogo chini, mchwa wasipate daraja kutoka ardhini ambalo hulioni.

Njia ya nne: kung'oa

Hii iwe ya misumari iliyokosa ubao tu, au iliyopasua ubao. Kuing'oa mizuri kwa sababu ni mirefu ni kujitafutia matundu: kila msumari unaong'olewa hupanua shimo la bati, na mpya ukirudishwa hapohapo haushiki. Ng'oa uliokosa, ziba tundu kwa silikoni kutoka nje, kisha kaza skrubu yenye raba sentimita chache pembeni, mahali ambapo ubao upo kweli. Skrubu ya inchi moja na nusu inatosha kabisa kwa ubao wa inchi mbili.

Za paa

Ncha za paa usiziguse kwa nyundo. Paa ndilo linalobeba upepo na mvua, na kila unachokilegeza huko utakilipa. Ikiwa paa ni refu na hakuna anayepanda, ziache. Ikiwa ni la chini, au unaegesha lori na watu hupanda juu yake kushusha mizigo, kata zile tu zilizo juu ya eneo hilo, kwa koleo, ukiwa na miwani, bila grinda juu ya uso wako.

Umeme na bati

Sasa lile nililoliahidi. Waya ukipitishwa juu ya ubao wenye ncha, ukatikiswa na upepo, mlango ukibamizwa kila siku, ncha itakula ganda lake. Msumari huohuo umegusa bati. Kwa hiyo siku waya utakapochubuka, ukuta mzima wa gereji utakuwa na umeme, na mtu anayekuja kuusukuma mlango akiwa miguu mitupu kwenye udongo wenye maji hatajua.

Nyaya zote zipite ndani ya paipu za plastiki. Paipu zisilale juu ya ncha. Mabati yaunganishwe na ardhi na fundi wa umeme mwenye leseni, na swichi ya kukata umeme unapovuja iwekwe. Ukitaka kubana fedha, bana kwenye rangi, usibane hapa.

Mtu akichomwa

Mtoto wa shemeji alipochanwa, bibi mmoja jirani alikuja na majani ya chai, kijana akaleta mafuta ya taa. Nia ilikuwa njema, lakini vyote viwili si dawa. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, kandamiza kwa kitambaa safi damu isimame, kisha nenda zahanati au hospitali.

Hofu kubwa ni pepopunda. Watu husema inaletwa na kutu. Inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na Mutomo gereji nyingi mchana ni za gari na usiku ni za mbuzi. Bakteria hao hustawi mahali pasipo na hewa, kwa hiyo tundu dogo lililozama, lisilotoa damu nyingi, ndilo la kuogopwa kuliko mchubuko mkubwa ulio wazi. Msumari mpya unaong'aa unaweza kuwaingiza sawa na ule wa kutu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni taya kukaza, na huweza kuja siku tatu hadi wiki tatu baada ya jeraha, wakati kidonda chenyewe kimeshasahaulika.

Watoto wetu hapa Kenya hupewa chanjo yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya ile sindano ya pamoja. Lakini kinga hupungua. Mtu mzima aliyekamilisha chanjo anahitaji kuirudia kila miaka 10, na kidonda kikiwa kichafu au kimezama, hata kama imepita miaka 5 tu. Asiyekumbuka alichanjwa lini amwambie daktari hivyohivyo, achanjwe.

Na fundi je?

Shemeji alipompigia fundi, alijibiwa kwamba kazi ilikuwa kufunga mabati, na mabati yamefungwa. Shemeji naye alikuwa amebakisha sehemu ya malipo. Walibishana siku nzima. Mwisho fundi alikuja na koleo lake, akakata ukuta mmoja pamoja nasi, wakaelewana kuhusu masalio. Mimi nilimwelewa kila mmoja, kwa sababu hakuna aliyesema neno juu ya ndani wakati wa kupatana bei.

Lakini sheria haitamuuliza fundi peke yake. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye majengo, Sura ya 34, inamtaka anayemiliki na kulitumia jengo achukue tahadhari ya kawaida ili mgeni aliyeingia kwa ruhusa asidhurike, na inasema wazi kuwa lazima atarajie watoto wasiwe waangalifu kama watu wazima. Na kama umeajiri makanika humo ndani, sheria za usalama kazini na fidia za mwaka 2007 zinakuhusu.

Kwa hiyo sema mapema, kabla mbao hazijanunuliwa. Mambo ni matatu. La kwanza, mbao za ukutani ziwe tatu kwa mbili, na zilazwe ule upande mwembamba ukielekea bati. Msumari utaingia kwenye inchi tatu za mti, milimita 75, na ule wa milimita 63 utapotelea humo. Kwa ujenzi mpya hii ndiyo tiba rahisi kuliko zote. La pili, kama mbao ni mbili kwa mbili, misumari ya paa isitumike ukutani. Zitumike skrubu fupi zenye raba. La tatu, malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio la leso.

Jaribio lenyewe ni hili. Chukua leso kuukuu, ikunje mara mbili, uipitishe juu ya kila ubao ndani ya jengo, kutoka kona hadi kona, ukiwa na fundi. Inapopita bila kukwama, lipa. Inapokwama, hapo kazi haijaisha. Sisi tulilifanya Alhamisi jioni, kuta zote nne. Leso ilikwama mara sita, tupa ikamaliza. Mwanawe aliyeshonwa ndiye aliyeishika leso, kwa mkono mzima.

Watu wa pwani tuna haki ya kujivunia kwamba mababu zetu wa Lamu waliunda mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za nazi, bila misumari. Sisi tumeichagua misumari, basi tuipime.